Majeruhi wa Kichwa na Mageuzi ya Matibabu

Katika madhara yote yanayoweza kumfika binadamu kwa ghafula, sidhani kama liko linalotegemea mpangilio wa watu wengine kuliko pigo kubwa la kichwa. Aliyevunjika mguu ataumia sana, lakini aweza kungoja. Mwenye homa aweza kujikokota mpaka zahanati, au kumtuma mtoto akamwite jirani. Ama yule aliyepigwa kichwa akapotewa na fahamu hana ulimi wa kusema aumwapo, hana mkono wa kuingia mfukoni akatoa fedha, hana hiari ya kuchagua tabibu wala hospitali, ilhali saa zinapita juu yake na kila moja inapunguza kile ambacho tabibu hodari angaliweza kumrudishia. Kwa sababu hiyo, mtu atakaye kujua kama mageuzi ya matibabu katika nchi fulani yamewafaa raia zake, au yamebadilisha majina ya idara tu, asianze kwa kusoma hotuba za mawaziri. Na afuate safari ya majeruhi wa namna hii, tangu pale alipoanguka hadi siku anaporejea kazini, au siku anapozikwa.

Matabibu huyagawa madhara ya ubongo mafungu mawili, na bila kuuelewa mgawanyo huo mjadala wa mageuzi hauna mahali pa kusimama. Fungu la kwanza ni lile linalotokea wakati uleule wa pigo: nyuzi za ubongo zinazokatika, mishipa inayopasuka, mfupa unaobonyea ndani, hayo yamekwisha kuwa, wala hakuna bingwa, awe wa Dar es Salaam au wa London, awezaye kuyatangua. Fungu la pili huja baadaye, kwa saa na kwa siku. Damu huvilia ndani ya fuvu, ubongo huvimba, na kwa kuwa fuvu la mtu mzima ni kama chungu kilichozibwa mdomo, kisichoweza kutanuka, shinikizo hupanda mpaka damu itokayo moyoni ikashindwa kuingia kuulisha ubongo. Majeruhi akiwa amelala chali na ulimi umerudi nyuma ukaziba koo, au akiwa anavuja damu tumboni na pajani hata presha yake ikashuka, basi ubongo uliosalimika katika pigo hufa kwa kukosa hewa na damu. Wachunguzi wa Marekani waliokusanya habari za majeruhi hao walionyesha mwaka 1993 kwamba namba ya juu ya presha ikishuka chini ya 90, hata mara moja tu, vifo hukaribia kuwa maradufu. Na kabla yao, mwaka 1981, ilikwisha kuonyeshwa kwamba wenye damu iliyovilia chini ya utando mgumu wa ubongo, wakipasuliwa ndani ya saa 4, walikufa takriban 30 katika 100, na waliocheleweshwa zaidi ya hapo walikufa takriban 90 katika 100. Chunguzi zilizofuata hazikukuta tofauti kubwa kiasi hicho, lakini zimeacha msingi mahali pake: damu inayokandamiza ubongo haina subira.

Madhara ya fungu la kwanza, basi, huzuiwa na askari wa barabarani, na mjenzi wa barabara, na kofia ngumu iliyofungwa kidevuni sawasawa. Madhara ya fungu la pili ndiyo dhima ya mfumo wa afya. Na hapo ndipo ninapopata kipimo cha kuhukumia mageuzi yoyote yaliyopita na yatakayokuja. Kila badiliko linalofupisha na kuunganisha njia ya majeruhi humponya, hata likiwa dogo na la bei nafuu. Na kila badiliko linalotia katikati ya njia hiyo mlango mmoja zaidi, au karatasi moja zaidi, au malipo ya kabla, humwua, hata likitangazwa kwa ngoma na tarumbeta.

Mfano wa badiliko dogo lililozaa makubwa ni ule wa mwaka 1974, pale Graham Teasdale na Bryan Jennett wa Glasgow, katika Uskoti, walipochapisha kipimo cha fahamu ambacho leo hutumika duniani kote. Kabla ya hapo kila tabibu alieleza hali ya mgonjwa kwa maneno yake, huyu akisema amezubaa, yule akisema amezama, na aliyekuwa mbali akisikiliza kwa simu hakuweza kujua kama mgonjwa anaelekea kupona au kufa. Wawili hao walitaka yatazamwe mambo matatu tu, macho yanavyofumbuka, maneno yanavyotamkwa, na viungo vinavyojibu, na baadaye kila jambo likapewa namba, na jumla yake ikaanzia 3 kwa asiyeitikia chochote hadi 15 kwa aliye timamu. Mwenye 8 au chini yake huhesabiwa kuwa ameumia vibaya. Kipimo hicho hakihitaji umeme, wala mashine, wala fundi kutoka ng'ambo. Muuguzi wa zamu katika hospitali ya wilaya aweza kukifanya usiku wa manane kwa mwanga wa tochi, na akimwambia bingwa aliye umbali wa kilometa 400 kwamba mgonjwa alikuwa na 13 saa mbili usiku na sasa ana 9, bingwa anafahamu pasi na shaka kwamba ndani ya fuvu lile kuna jambo linalokua. Naeleza haya kwa kirefu kwa kuwa tumezoea kudhani kwamba mageuzi ni majengo.

Uingereza inatufundisha zaidi, na mafunzo yake yanatuhusu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba nchi hiyo iliondoa malipo ya mlangoni tangu ilipoanzisha huduma yake ya afya ya taifa mwaka 1948, hata kizuizi cha umasikini wa mgonjwa hakikuwapo. Na ya pili ni kwamba juu ya neema hiyo, majeruhi wake wa kichwa waliendelea kwa miaka mingi kufa vifo vilivyoweza kuepukwa. Desturi ilikuwa kumpeleka majeruhi hospitali iliyo jirani, na hospitali iliyo jirani aghalabu haikuwa na bingwa wa upasuaji wa ubongo. Basi tabibu kijana angepiga simu kituo kikubwa, angeambiwa hakuna kitanda, angejaribu kituo kingine, na usiku ukapita. Mwaka 2005 jarida la Lancet lilichapisha uchunguzi uliotumia daftari la taifa la majeruhi, ukionyesha kwamba walioumia kichwa vibaya wakatibiwa mahali pasipo na idara ya ubongo walikuwa katika hatari ya kifo iliyozidi maradufu ya wale waliofikishwa katika vituo vyenye idara hiyo, na hivyo ndivyo ilivyokuwa hata baada ya kuzingatia umri na ukubwa wa majeraha. Jambo lililoshtua katika habari hizo ni kwamba wengi wa wasiohamishwa hawakuwa na damu ya kupasuliwa. Walikuwa wale ambao watu walisema, huyu hana cha kukatwa, na akae hapo alipo. Kumbe uangalizi wa chumba cha mahututi, wa kumpimia hewa na presha na shinikizo saa baada ya saa, ulikuwa ni tiba yenyewe.

Mwaka 2003 taifa hilo lilikuwa limekwisha kutoa mwongozo uliowaondoa matabibu katika mazoea ya kupiga picha ya mfupa wa kichwa na kumlaza mgonjwa wakimtazama, ukawataka wampime kwa CT scan mapema, inayoonyesha ubongo wenyewe na damu iliyomo. Mwaka 2007 kamati huru iliyochungua huduma za majeruhi ikatoa taarifa kwamba karibu 60 katika kila 100 hawakupata huduma iliyo katika kiwango kizuri. Ndipo London ilipogawanywa, mwaka 2010, chini ya vituo vikuu 4 vya majeruhi, na England yote ikafuata mwaka 2012: wafanyakazi wa magari ya wagonjwa wakapewa ruhusa na kipimo cha kuipita hospitali ya jirani na kwenda moja kwa moja kwenye kituo kikuu, kituo kikuu kikakatazwa kusema hakuna nafasi, na hospitali iliyotimiza masharti, mathalan ya kuwapo bingwa majeruhi anapofika, ikalipwa zaidi kuliko ile isiyotimiza. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2018 juu ya majeruhi wa kila namna, zaidi ya 110,000, ulikuta kwamba uwezekano wa kunusurika uliongezeka kwa asilimia 19 kati ya mwaka 2008 na 2017. Si dawa mpya peke yake iliyoleta hayo. Watu walewale, kwa visu vilevile, walipangwa upya.

Lakini mpangilio huo nao uliacha watu nje. Ulijengwa kwa kumfikiria kijana aliyeanguka pikipiki, na daftari lilipotazamwa vizuri, taarifa ikatoka mwaka 2017, ikaonekana kwamba majeruhi wengi wa Uingereza sasa ni wazee walioanguka kutoka kimo kisichofika mita 2, sakafuni mwa nyumba zao, na kwamba hao, kwa kuwa anguko lao lilionekana dogo, walipelekwa hospitali ndogo, wakapokewa na matabibu wachanga, wakapimwa wakiwa wamechelewa. Mageuzi humwona yule aliyeandikiwa. Asiyekuwamo katika fikra za waandishi wake hupita mbele ya macho yao bila kuonekana, na hatari hiyo iko katika kila mageuzi, yawe ya matajiri au ya masikini.

Nisije nikadhaniwa kwamba nadharau elimu. Kwa miongo kadhaa matabibu waliwadunga majeruhi wa kichwa dawa za steroidi, wakiamini kwamba zinapunguza uvimbe wa ubongo, na imani hiyo ilikuwa na sababu nzuri za kiakili. Mpaka ulipofanyika uchunguzi ulioitwa CRASH, ulioongozwa na chuo cha tiba za nchi za joto cha London, ukawaingiza wagonjwa 10,008 kutoka nchi nyingi, na mwaka 2004 ukatangaza kwamba waliopewa dawa walikufa 21 katika 100 na wasiopewa walikufa 18 katika 100. Hesabu ya waliopoteza maisha kwa tiba hiyo, ulimwenguni kote na kwa miaka yote ile, inatisha hata kuifikiri. Mfumo wa afya, kwa hiyo, unahitaji njia ya kuziacha tiba mbaya upesi kama unavyohitaji njia ya kuzipokea tiba nzuri, na njia hiyo ni daftari linaloandikwa kwa uaminifu katika kila hospitali. Uchunguzi mwingine uliofanywa Bolivia na Ecuador kwa wagonjwa 324, ukatolewa mwaka 2012, ulilinganisha waliowekewa kipima shinikizo ndani ya fuvu na waliotazamwa kwa kupimwa mwili na kwa picha za CT scan, wote wakiwa katika vyumba vya mahututi na wote wakitibiwa kwa utaratibu ulioandikwa. Matokeo yakawa sawa. Wapo waliofurahi wakasema kwamba kipimo hicho cha ghali hakina faida. Mimi naona yalisema jambo la maana zaidi kwa nchi kama zetu: kwamba jicho la muuguzi linalorudi kwa mgonjwa kila saa, likiongozwa na utaratibu unaofuatwa na wote, lina nguvu ya kukaribia ile ya chombo. Katika jimbo la New York nako, hospitali zilipozidi kuufuata mwongozo mmoja wa kutibu majeruhi hao, vifo vya majuma mawili ya mwanzo vilishuka kutoka 22 katika 100 mwaka 2001 hadi 13 katika 100 mwaka 2009.

Sasa na turudi kwetu. Uchunguzi ule wa CRASH ulipochambuliwa kwa nchi, ulidhihirisha kwamba mwenye jeraha kubwa la kichwa katika nchi masikini na za kadiri alikuwa na hatari ya kufa iliyozidi maradufu ya mwenzake wa nchi tajiri, hali ya kuwa jeraha ni lile lile na umri ni ule ule. Tofauti hiyo yote imo katika fungu la pili la madhara, yaani katika njia.

Tanzania, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, iliazimia kumpa kila raia matibabu bila malipo, ikajenga zahanati na vituo vya afya vijijini kwa bidii ambayo haijapata kuonekana kwingi katika Afrika, na mwaka 1977 ikakataza hospitali za biashara. Azma ile ilikuwa njema, na iliokoa watoto wasiohesabika kutokana na surua na malaria. Lakini zahanati haikuwa na la kumfanyia aliyepasuka mshipa ndani ya fuvu, na hazina ya serikali ilipokauka katika miaka ya 1980 hata dawa za kawaida zikawa adimu. Hospitali za binafsi zikaruhusiwa tena mwaka 1991, na kuanzia mwaka 1993 uchangiaji wa gharama ukaingizwa katika hospitali za serikali. Kenya ilikuwa imekwisha kuanza kutoza ada mwaka 1989. Waliopanga ada hizo walisema kwamba masikini watasamehewa. Lakini msamaha huombwa kwa kinywa, na mara nyingi kwa barua, na aliyepotewa na fahamu hana kinywa. Jamaa zake nao bado wako njiani, au hawajajua kwamba ameumia. Kati ya wagonjwa wote, huyu ndiye ambaye ada ya mlangoni inamfikia akiwa hana uwezo hata wa kulalamika.

Matokeo ya mambo hayo yalionekana dhahiri shahiri Nairobi, Oktoba 2015, pale mtu mmoja aliyegongwa na gari akaumia kichwa alipozungushwa ndani ya gari la wagonjwa kwa muda wa saa 18, kutoka hospitali hii kwenda ile, pengine kwa kukosa kitanda cha mahututi, pengine kwa kudaiwa shilingi 200,000 za awali ambazo mkewe hakuwa nazo. Na alipopokewa hatimaye, hakuishi. Iangalieni vizuri habari hiyo. Gari la wagonjwa lilikuwapo. Mhudumu ndani yake alikuwapo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, ilikuwa imekwisha kusema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Kilichokosekana ni mkono wa kuliunganisha gari na kitanda, na mfuko wa kumhakikishia mwenye hospitali kwamba akitibu atalipwa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ikaongeza adhabu kwa hospitali itakayokataa dharura, na ni vyema. Ila adhabu bila malipo humfundisha mwenye hospitali kusema vitanda vimejaa.

Kwa ajili hiyo nayatazama kwa matumaini, na kwa hadhari, mageuzi ya bima yanayoendelea katika nchi hizi mbili. Kenya imeuondoa mfuko wake wa bima wa tangu mwaka 1966, na kuanzia Oktoba 2024 imeweka Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ambayo wenye mishahara huichangia asilimia 2.75 ya kipato chao. Na pembeni yake umewekwa mfuko wa dharura na maradhi sugu unaotegemea fedha za serikali. Tanzania imepitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Bima nyingi huanza kwa kuuliza, huyu amejiandikisha, na michango yake imekamilika? Swali hilo ni la haki kwa mwenye jino bovu. Likiulizwa kwa mwenye fahamu 6 katika 15, ambaye kitambulisho chake kimepotea barabarani pamoja na simu yake, limekuwa ile ada ya mlangoni iliyovaa nguo nyingine. Kwa maoni yangu, sehemu inayostahili kulindwa kuliko zote katika sheria hizo ni mfuko wa dharura, unaolipa kwanza na kuuliza baadaye. Na mfuko huo ndio mwepesi wa kuachwa bila fedha, kwa kuwa wanaoutegemea hawawezi kuandamana.

Karatasi nazo zina habari yake. Tanzania Bara ina fomu ya polisi namba 3, ambayo watu wote huiita PF3, inayotakiwa kwa aliyejeruhiwa katika ajali au ugomvi, ili ushahidi usipotee. Makusudi yake ni ya haki. Viongozi wa serikali wamesisitiza kwamba mgonjwa aliye hatarini atibiwe na fomu ifuate nyuma, hata hivyo hofu ya fomu imekaa katika vichwa vya watu, hata wapo wanaompitisha majeruhi kituo cha polisi kabla ya hospitali, na kila aliyewahi kukaa katika benchi la mapokezi amesikia swali, "Mmekuja na PF3?" Dawa yake ni badiliko lisilogharimu shilingi: tangazo kubwa katika kila kituo cha polisi na kila mlango wa dharura, kwamba aliyezimia hupita kwanza.

Mashine zimekuja, na tushukuru. Serikali ya Kenya ilikodi vifaa vya hospitali za kaunti kwa mkataba mkubwa wa mwaka 2015, CT scan zikaongezwa baadaye, na kamati ya Seneti ilipochunguza mwaka 2020 ilikuta mahali ambapo vifaa vililala kwa kukosa umeme, au maji, au wataalamu wa kuviendesha. Tanzania, kwa sehemu ya ule mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabili UVIKO-19, ilinunua CT scan za hospitali za rufaa za mikoa na kujenga majengo ya dharura na ya mahututi, kwa hiyo majeruhi wa mkoani ambaye zamani alisafirishwa usiku kucha ili tu apigwe picha, leo aweza kupigwa hukohuko. Faida ya jambo hilo ni kubwa mno, na walioamua wanastahili sifa. Lakini picha huonyesha tu, haiitoi damu. Ikiwa hospitali ya mkoa itaiona damu iliyovilia nje ya utando wa ubongo saa nne usiku, na hakuna pale wa kutoboa fuvu, wala mtaalamu wa usingizi, wala damu ya kuongezea, basi mashine imemwezesha tabibu kujua kwa yakini anachokufa nacho mgonjwa wake.

Hapo tunafika kwa mabingwa. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, ndiyo iliyokuwa na bado ndiyo ngome ya upasuaji wa ubongo Tanzania. Muhimbili penyewe pakafunguliwa idara ya kisasa ya dharura mwaka 2010, na mafunzo ya mabingwa wa dharura yakaanza. Hospitali za Bugando ya Mwanza, KCMC ya Moshi, Benjamin Mkapa ya Dodoma, na Mnazi Mmoja ya Unguja zimeingia katika kazi hiyo. Hata hivyo mabingwa ni wachache mno kwa mamilioni ya watu, na wengi wao wako mjini. Mwaka 2006 daktari wa Marekani, Dilan Ellegala, alifika hospitali ya Haydom, wilayani Mbulu, mahali pasipo na bingwa wa ubongo, na akamfundisha daktari msaidizi, Emmanuel Mayegga, kufanya upasuaji wa kichwa. Na Mayegga akaja kumfundisha mwingine. Wako waliosema kwamba ni kuhatarisha wagonjwa kumpa kazi hiyo asiye bingwa. Hoja yao si ya kupuuzwa, kwa maana ubongo hauna pa kukosea. Lakini mgonjwa wa Haydom hakuwa akichagua kati ya Mayegga na bingwa. Alikuwa akichagua kati ya Mayegga na kaburi. Kutoboa fuvu na kuitoa damu iliyo nje ya utando ni kazi inayofundishika kwa daktari wa upasuaji wa mkoa, na kila hospitali ya mkoa iliyopewa CT scan ingepaswa kuwa na wawili wa namna hiyo, wakipokea shauri la bingwa kwa simu na kutumiana picha.

Pamoja na hayo yote, kiungo kilicho dhaifu kuliko vingine ni kile cha barabarani. Tangu Kenya ilipoondoa kodi ya pikipiki ndogo mwaka 2008, na Tanzania ilipohalalisha bodaboda kwa kanuni za mwaka 2010, mamia ya maelfu ya vijana wamepata riziki, na wodi za majeruhi zimejaa. Anayeanguka huchukuliwa na wapita njia; huketishwa wima katikati ya watu wawili juu ya pikipiki nyingine, kichwa kikining'inia, au hulazwa chali nyuma ya pikapu; na ubongo wake unakosa hewa katika dakika zilezile ambazo kumwokoa hakungehitaji zaidi ya kumlaza ubavu. Tanzania imethibitisha kwamba jambo la usafiri linawezekana: mpango wa m-mama, unaomwezesha mama mjamzito au mtoto mchanga aliye hatarini kupigiwa simu namba 115 bila malipo na kuchukuliwa na gari, pamoja na madereva wa kawaida waliosajiliwa pale ambapo gari la wagonjwa halipo, umeenea nchi nzima. Madereva wapo, simu zipo, na njia ya kuwalipa ipo. Mlango huohuo ukifunguliwa kwa majeruhi, kiungo kilichokatika kitaanza kuungwa.

Kuna jambo la mwisho ambalo mageuzi mengi hayalitazami, nalo ni maisha baada ya kunusurika. Uchunguzi wa mwaka 2016 juu ya kuliondoa pande la fuvu ili ubongo uliovimba upate nafasi ulikuta, baada ya miezi 6, vifo 27 katika 100 kwa waliopasuliwa, na 49 katika 100 kwa waliotibiwa kwa dawa. Lakini waliobaki hai wakiwa hawana utambuzi wa lolote walikuwa zaidi ya 8 katika 100 upande wa kwanza, na 2 upande wa pili. Maana yake ni kwamba tukiboresha uokoaji tu, tutawapelekea akina mama na wake nyumbani wagonjwa wa kulishwa kwa mrija, wa kugeuzwa usiku na mchana, wenye kifafa na hasira zisizo na sababu, bila mazoezi ya viungo, bila mfunza usemi, na bila bima inayolipa hata nepi. Hesabu za hospitali zitawaandika kuwa wametoka wakiwa hai. Mimi sisemi waachwe wafe. Nasema gharama ya kuwauguza baada ya kutoka iandikwe katika bima tangu mwanzo, kama ilivyoandikwa gharama ya kisu, kwa sababu mzigo huo leo umebebwa na wanawake wasiolipwa.

Wabunge na madiwani watakapoletewa bajeti za afya, wasitosheke kuambiwa idadi ya majengo na mashine. Waulize majeruhi wa mwisho aliyefikishwa katika hospitali ya mkoa wao alichukua saa ngapi tangu alipoanguka, alikaa muda gani mapokezi, alipigwa picha saa ngapi, na nani alimpasua. Hospitali isiyoweza kujibu maswali hayo haina daftari, na isiyo na daftari haijui inaowaua na inaowaponya. Nawe msomaji, ukimkuta mtu ameanguka barabarani hana fahamu lakini anapumua, usimpe maji wala usimketishe. Mkiwa wawili au watatu, mgeuzeni pamoja alale ubavu, shingo ikiwa imenyooka na kiwiliwili, mpanguseni matapishi kinywani, ibaneni kwa nguvu damu inayotoka, tazameni saa mkumbuke wakati alioanguka, na mpelekeni moja kwa moja hospitali yenye madaktari wa upasuaji, mkimwambia wa kwanza mtakayemwona huko ni saa ngapi alipoacha kusema.